KWA NINI ABIRIA ARUDI?
Huduma bora katika teksi za kuitwa kwa simu



Leo tuzungumze juu ya usafiri. Tutaongea juu ya teksi zinazoitwa kwa simu, ambazo wengi huziita teksi mtandao. Huenda utasema, "Hayo ni mambo ya mjini. Sisi yanatuhusu nini?" Subiri kidogo. Yanatuhusu kwa sababu mbili.

Kwanza, sisi nasi huenda mjini. Tunapeleka wagonjwa, tunatembelea watoto, tunafuatilia mafao. Pili, vijana wetu wengi hapa kijijini wanaendesha bodaboda. Jambo linalomfanya abiria wa mjini aite teksi tena, au asiite kabisa, ndilo hilo hilo linalomfanya abiria wa hapa ampande dereva huyu na kumwacha yule.

SAFARI YA MAMA MKUBWA

Nianze na jambo nililoliona mwenyewe. Nilimsindikiza mama mkubwa kwenda Dar es Salaam. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu, na daktari wa wilaya alituandikia barua twende hospitali kubwa. Aliuza mbuzi wawili kupata fedha za safari.

Basi letu lilifika kituo cha Mbezi jioni, giza linaingia. Kutoka hapo hadi kwa ndugu zetu ni mbali. Nikatoa simu, nikaita teksi mtandao. Simu ikaonyesha nauli: shilingi 18,000. Ikaonyesha na jina la dereva, picha yake, na namba ya gari. Baada ya dakika 7 gari likafika. Namba ni ile ile, sura ni ile ile. Kijana akashuka, akasema, "Shikamoo mama." Akambebea kikapu chake, akamfungulia mlango. Akaendesha taratibu. Tulipofika akasema, "Ni 18,000 kama ulivyoona." Nikampa 20,000, akanirudishia 2,000 bila maneno.

Mama mkubwa alifurahi sana. Akasema, "Kumbe hata mjini kuna watoto wa watu!"

Kesho yake tulitakiwa kuwa hospitali saa 2 asubuhi. Nikaita teksi saa 12 na nusu. Dereva wa kwanza akapiga simu: "Unakwenda wapi? Unalipa taslimu?" Nilipomwambia, akajibu, "Huko kuna foleni. Futa safari." Nikaita wa pili. Huyo alikubali, lakini gari lake halikusogea kwenye ramani kwa dakika 15. Nikipiga simu, hapokei. Wa tatu alikuja, lakini kabla ya kuondoa gari akasema, "Hiyo nauli ya kwenye simu hailipi, ongeza 3,000." Tungefanyaje? Tulipanda.

Tulifika saa 4. Orodha ya wagonjwa wa siku hiyo ilikuwa imekwisha kupangwa. Tukaambiwa turudi juma lijalo. Juma zima mjini! Chakula, nauli, na shamba nyumbani halina mtu.

Siku ya kurudi hospitali nilitoa simu tena. Mama mkubwa akanishika mkono. Akauliza, "Utampata yule kijana wa siku ya kwanza?" Nikamwambia, "Hapana mama, simu huleta yeyote aliye karibu." Akasema, "Basi tupande daladala."

Tulitoka saa 11 alfajiri. Yeye na macho yake mabovu alisimama njia nzima, lakini hakutaka tena kusikia habari ya teksi.

Hebu tufikiri. Siku ya kwanza alisifu, siku ya pili akakataa. Simu ilikuwa ile ile, na kampuni ilikuwa ile ile. Kilichobadilika ni huduma tu.

TEKSI MTANDAO HUFANYAJE KAZI?

Zamani ukitaka teksi ulikwenda kwenye kituo cha teksi, mkabishana bei. Mgeni alitajiwa bei ya mgeni. Mwaka 2009 kampuni ya Uber ilianzishwa San Francisco, Marekani. Wazo lake lilikuwa abiria aite gari kwa simu. Mwaka 2013 ikaanza nyingine nchini Estonia, ambayo baadaye iliitwa Taxify. Tangu mwaka 2019 inaitwa Bolt. Uber iliingia Nairobi mwaka 2015 na Dar es Salaam mwaka 2016.

Kampuni hizi kwa kawaida hazimiliki magari. Gari ni la dereva, au la tajiri aliyempa dereva alipie hesabu kila siku. Kampuni inamiliki programu, yaani mpango wa kazi ulio ndani ya simu. Programu inafanya mambo manne:

1. Inajua abiria alipo na dereva alipo, kwa msaada wa mitambo iliyo angani.
2. Inamwita dereva aliye karibu.
3. Inapiga hesabu ya nauli kwa kufuata kilomita na dakika. Nauli hupanda watu wanapokuwa wengi na magari machache, kama wakati wa mvua.
4. Baada ya safari inamwomba abiria ampe dereva alama, kuanzia nyota 1 hadi 5. Dereva naye humpa abiria alama.

Kwa kila safari kampuni hukata sehemu ya nauli. Sehemu hiyo inaitwa kamisheni. Ikumbuke, tutairudia.

MAMBO MATANO ANAYOYAPIMA MTEJA

Je, mteja hupimaje huduma? Mahindi tunayapima kwa debe. Huduma haiingii kwenye debe.

Walimu watatu wa chuo kikuu nchini Marekani walilichunguza jambo hili. Majina yao ni A. Parasuraman, Valarie Zeithaml na Leonard Berry. Mwaka 1985 waliandika kwamba ubora wa huduma ni tofauti kati ya kile mteja alichotarajia na kile alichopata. Ukitarajia gari dakika 5 likaja dakika 5, umeridhika. Ukitarajia dakika 5 likaja dakika 30, umeudhika. Mwaka 1988 walionyesha kwamba mteja hupima mambo matano. Wakati ule teksi za simu hazikuwapo, lakini mambo yao yanazifaa vizuri.

La kwanza ni kutimiza ahadi. Umesema nauli 18,000, iwe 18,000. Umesema unakuja, njoo. Wachunguzi hao walipowauliza wateja ni jambo gani wanaloliweka mbele, hili ndilo lililoongoza.

La pili ni wepesi wa kuitikia. Abiria akipiga simu, pokea. Ukichelewa, mwambie. Mtu anayengoja bila habari huona dakika 10 kama saa nzima.

La tatu ni kumpa mteja uhakika. Abiria anajiuliza, "Nitafika salama? Huyu ni nani?" Picha, jina na namba ya gari vimewekwa kwa ajili hiyo. Lakini picha ikidanganya, uhakika unakwisha. Mwaka 2019 wakuu wa usafiri wa jiji la London, Uingereza, waliinyima Uber leseni mpya. Waligundua kwamba madereva wasioruhusiwa walikuwa wameweka picha zao kwenye usajili wa madereva wengine. Safari zisizopungua 14,000 zilifanyika hivyo. Abiria alidhani amebebwa na mtu aliyechunguzwa, kumbe sivyo. Kampuni ilikwenda mahakamani, ikarekebisha mambo, na mwaka 2020 mahakama ikairuhusu kupata leseni. Lakini unaona uzito wa jambo lenyewe. Jiji zima lilisema huduma isiyo na uhakika isipite barabarani.

La nne ni kumjali mteja. "Shikamoo mama" haina gharama ya mafuta. Kumbebea mzee kikapu hakumalizi matairi. Lakini mama mkubwa mpaka leo anamtaja yule kijana.

La tano ni vitu vinavyoonekana: gari safi, viti visivyochanika, mikanda inayofunga. Hili nalo lina maana, ila wachunguzi wale waliona kwamba wateja huliweka mwisho. Hata mama mkubwa hakuniuliza rangi ya gari. Aliuliza habari za yule kijana.

KOSA LA MMOJA HUWAPAKA WOTE

Hapa pana jambo la kuangalia sana. Kijijini dereva akikuudhi, kesho unampanda mwingine. Unawajua kwa majina. Lakini kwenye teksi mtandao abiria kwa kawaida hamchagui dereva. Anaita, analetewa. Kwa hiyo dereva mmoja akikosa, abiria hasemi, "Dereva fulani ni mbaya." Husema, "Teksi za simu ni mbaya." Anaacha kuita. Na yule kijana mwenye shikamoo, ambaye hakukosa lolote, naye anakosa abiria.

Ndiyo maana nyota zile si mchezo. Ukimpa kila mtu nyota 5 kwa kuona haya, umemdhulumu dereva mwema. Ukimpa nyota 1 kwa sababu ya foleni isiyo kosa lake, pia umemdhulumu. Toa alama kwa haki, kama mwalimu anavyosahihisha daftari.

MBONA DEREVA ANAKATAA SAFARI?

Tusimlaumu dereva kabla ya kupiga hesabu yake. Chukua kalamu tuhesabu pamoja. Tuseme nauli ni shilingi 10,000 na kampuni inakata asilimia 25, yaani robo.

Nauli: 10,000
Toa kamisheni: 2,500. Inabaki 7,500
Toa mafuta, tuseme: 3,000. Inabaki 4,500
Toa sehemu ya hesabu ya tajiri, tuseme: 2,500. Inabaki 2,000

Dereva amebaki na 2,000. Sasa, kama alitoka mbali kumfuata abiria, mafuta ya kumfuata ni yake. Akikwama kwenye foleni, zile 2,000 zinayeyuka. Ndiyo sababu anapiga simu na kuuliza, "Unakwenda wapi?" Ndiyo sababu anaomba taslimu, maana ukilipa kwa njia ya kampuni, fedha hazimfikii mkononi papo hapo, naye anataka mafuta sasa hivi.

Kama kampuni ingekata asilimia 15, kamisheni ingekuwa 1,500. Dereva angebaki na 3,000 badala ya 2,000. Je, huoni tofauti?

Serikali zetu nazo ziliiona. Mwaka 2022 Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini ya Tanzania, LATRA, iliagiza kamisheni isizidi asilimia 15. Madereva walishangilia. Lakini Aprili mwaka huo huo Uber ilisimamisha kazi zake Tanzania, ikisema haiwezi kuendelea kwa masharti hayo. Januari 2023 LATRA ikaruhusu kamisheni ifike asilimia 25, na Uber ikarudi. Kenya nayo mwaka 2022 ilitunga kanuni za kuzuia kamisheni isipite asilimia 18.

Tunajifunza nini? Kampuni ikikata sana, dereva anabanwa. Dereva akibanwa, anambana abiria. Abiria akibanwa, anarudi kwenye daladala. Na abiria akiondoka, dereva na kampuni wote hawana kitu. Ni kama mafiga matatu. Ukiondoa figa moja, chungu kinamwagika.

Hata hivyo, shida ya dereva haimpi ruhusa ya kumdanganya abiria. Kama safari hailipi, asiikubali tangu mwanzo. Kuikubali, halafu kumweka mgonjwa anangoja, ni kuvunja ahadi. Mama mkubwa alipoteza juma zima kwa ahadi mbili zilizovunjwa na moja iliyoongezwa bei.

MFANO WA KAMPALA

Sasa turudi kwa vijana wetu wa bodaboda. Pikipiki nazo huitwa kwa simu siku hizi. Huko Kampala, Uganda, mwaka 2014 ilianzishwa kampuni ya SafeBoda. Mmoja wa waanzilishi wake, Ricky Rapa Thomson, alikuwa yeye mwenyewe dereva wa bodaboda Kampala. Alijua kazi hiyo kwa kuifanya.

Walianzia wapi? Walianza na usalama. Waliwafundisha madereva sheria za barabarani na huduma ya kwanza. Waliwavalisha kofia ngumu na vizibao vya rangi ya machungwa, ili watambulike kwa mbali. Na kila dereva alibeba kofia ya pili kwa ajili ya abiria. Watu waliokuwa wakiogopa pikipiki waliona, "Hawa wanajali shingo yangu." Wakapanda.

Jambo hili halihitaji simu ya bei kubwa. Kijiwe chetu pale sokoni kinaweza kulifanya. Vijana wanaweza kukubaliana hivi:

1. Nauli za kwenda zahanati, stendi na vijiji vya jirani ziandikwe kwenye ubao. Siku hizi abiria wetu wanajua kusoma!
2. Kila dereva awe na kofia mbili, na abiria avae kabla ya kuondoka.
3. Kila dereva avae kizibao chenye namba. Abiria akitaka kushitaki au kusifu, ataje namba.
4. Anayeitwa usiku kumpeleka mgonjwa au mama mjamzito, akikubali afike. Kama hawezi, aseme mara moja ili atafutwe mwingine.
5. Mwenyekiti wa kijiwe apokee malalamiko kila mwisho wa juma, na wenzake wamrekebishe aliyekosa. Kosa lake linawapaka wote.

UKIENDA MJINI, FANYA HIVI

Ndugu msomaji, sasa unajua kusoma na kuhesabu. Vitumie katika safari.

Kama una simu ya kitochi, programu hizi hazitaingia. Mwombe ndugu wa mjini akuitie gari, akutumie kwa ujumbe namba ya gari, jina la dereva na nauli. Andika kwenye karatasi, weka mfukoni.

Kabla ya kupanda, soma namba ya gari. Kama siyo ile uliyoandikiwa, usipande, hata akisema, "Ni mimi, gari jingine limeharibika." Muulize, "Umekuja kumchukua nani?" Usianze wewe kumtajia jina. Mwache alitaje yeye.

Soma nauli kabla ya kupanda. Ukifika, linganisha. Ikiwa imezidi, uliza kwa upole kwa nini. Pengine njia ilibadilika au foleni ilirefusha dakika. Pengine anakujaribu tu.

Mwambie mtu wa nyumbani umepanda gari namba gani.

Ukiwa na miadi ya hospitali, usiweke tegemeo lako lote kwenye gari moja. Ita mapema, na ujue daladala ya kwenda huko inapita wapi. Mimi sikufanya hivyo, na gharama yake aliilipa mama mkubwa.

Na mwisho, huduma ikiwa nzuri, sema. Ikiwa mbaya, toa taarifa kwenye programu, au mwombe aliyekuitia gari afanye hivyo. Mteja anayekaa kimya na kuondoka hamfundishi mtu kitu.

TUMALIZIE

Mama mkubwa alitibiwa macho juma lile la pili. Sasa anaona mpaka ng'ambo ya mto, na mwenyewe anachagua mchele. Mwaka huu anatakiwa kurudi kuangaliwa tena. Nilimuuliza, "Mama, safari hii tuite teksi?" Akafikiri kidogo. Akasema, "Kama atakuja saa aliyosema, kwa bei aliyosema, nitapanda."

Hakusema gari liwe jipya wala bei iwe ndogo. Anataka ahadi itimizwe. Kampuni kubwa za dunia zinalitafuta jibu hilo kwa mitambo ya angani. Kijana wa kijiweni kwetu anaweza kuwa nalo kesho asubuhi.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini mama mkubwa alikataa teksi, ingawa dereva wa kwanza alimhudumia vizuri?
2. Taja mambo matano ambayo mteja huyapima. Hapa kwetu, lipi lingekuwa la kwanza?
3. Nauli ni shilingi 8,000 na kamisheni ni asilimia 25. Kampuni inachukua shilingi ngapi? Ikiwa asilimia 15, je?
4. Bodaboda wa kijiji chetu wanafanya vizuri wapi, na wanakosea wapi? Alikeni mwenyekiti wa kijiwe aje asikilize majibu.

MAANA YA MANENO

Kamisheni: sehemu ya nauli inayochukuliwa na kampuni.
Programu: mpango wa kazi uliowekwa ndani ya simu.
Hesabu: fedha ambazo dereva humpa mwenye chombo kila siku.
Simu ya kitochi: simu ndogo ya vitufe.